Mgombea Aliyeingia Kwenye Picha za Bi Harusi

Leo nimeumbuliwa na kanga. Tena kanga ya mtu mwingine.

Nilikuwa mtaa wa Mabawa, bi harusi anapambwa. Wanaume hawaingii ndani, na mpiga picha mwanamke walimkosa. Nani akajitokeza? Mimi. (Nimesuka nywele, nimeuza dagaa, nimeponda kokoto. Shule niliiacha darasa la sita, udadisi ukagoma kuniacha.) Kamera nimeiazima kwa rafiki, jana kutwa nikawa naibonyezabonyeza.

"Unaijua kweli hiyo?" akaniuliza Saumu, bi harusi mwenyewe. "Nataka picha moja tu. Mimi na Bibi. Katoka kijijini Moa, na adhuhuri anarudi."

"Hii inatafuta uso yenyewe," nikamjibu kwa maringo. "Kisanduku hiki cha kwenye kioo kikiwaka kijani, kazi imekwisha."

Bibi akamwinamia Saumu sikioni, anamnong'oneza dua. Saumu kainamisha kichwa ndani ya shela, kama bi harusi yeyote mwenye haya zake. Kisanduku kikawaka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena! (Kimewakia wapi, sikuangalia. Kijani ni kijani.)

Kisha nikachomeka kadi kwenye runinga ili ukumbi mzima uone ufundi wangu. Laiti ningejizuia!

Saumu, ukungu. Bibi, ukungu. Nyuma yao Shangazi Mwanahamisi kainama anapuliza chetezo cha ubani, kajifunga kanga ya kampeni. Na pale makalioni, mgombea anatabasamu, meno unaweza kuyahesabu!

Picha zote kumi na mbili.

"Kura tulimnyima, leo kaja kuposa!" akapiga kelele jirani mmoja. Watu wakagaagaa kwenye mkeka.

"Mbona mie nimetoka vizuri," akasema Shangazi.

Saumu hakucheka. Wanja ulianza kuchuruzika. Na nje, pikipiki ya kumpeleka Bibi stendi ilikuwa inanguruma.

Nikatoka mbio, kamera mkononi. "Bibi, shikamoo! Shuka!"

"Marahaba. Nishuke? Kupanda kwenyewe wamenisukuma watu watatu!"

Akashuka, nikamrudisha ndani ubavuni mwa Saumu. Nikazima ule utafutaji wa uso. Nikaweka kinukta kimoja cha kulengea, nikakisogeza polepole mpaka kwenye kope za Saumu, nyuma ya shela. Shangazi nikamwacha palepale na chetezo chake, ainame apendavyo. Nilitaka kushinda kihalali.

Nikabonyeza. Kadi kwenye runinga.

Kope zinahesabika moja moja. Mkono wa Bibi wenye hina, begani kwa mjukuu. Na mgombea? Ukungu mtupu!

"Kashindwa mara ya pili!" akapayuka yule jirani. Vigelegele vikatikisa bati.

Bibi akasogea, akaigusa runinga kwa kidole. "Huyu ndiye mjukuu wangu," akasema, akarudi kusukumwa juu ya pikipiki.

Wawili wameshaniomba nikapige picha harusi zao. Kumbe kamera inajua uso ni nini. Uso wa nani, hiyo kazi ni yangu.

Zile kumi na mbili Shangazi kanikataza kuzifuta. Atakayenicheka, namtumia moja aitundike sebuleni.