Udi wa Kumwingiza Emmy Kanisani

Jumatatu, 2 Desemba

Mungu wangu! Emmy wangu anaolewa wiki ijayo Jumamosi, hapa hapa Lugulu, na Rispah ameshajipanga. Huyu Rispah ni mke wa ndugu ya mume wangu. Amemwambia pasta ati yeye ndiye atamwingiza bibi harusi na kile kinanda chake cha stima. Uchungu wa huyo mtoto niliuona mimi! Nikasema pale pale Emmy ataingia kwa udi, ile gita ya Waarabu yenye tumbo kama nusu boga, niliyofunzwa nikiwa yaya Mombasa. Rispah akacheka. Uko wapi huo udi, bana? Sina. Lakini Bwana hutoa.

Jumatano, 4 Desemba

Kitale. Ngige, muuza ala za mitumba, alikuwa na udi mbili tu. Wa kwanza uliundwa kwa mtu wa mkono wa kushoto, kama mimi. Mbaya! Rangi ya mlango wa choo. Wa pili una maua ya kuchongwa usoni, ila ni wa kulia. Ngige akanisihi, mama, chukua huo mbaya, utanishukuru. Nikamuuliza kama binti yake angeolewa kwa mlango wa choo. Akageuza nyuzi za ule mzuri, mnene ukahamia pa mwembamba, akachonga upya mitaro ya shingoni. Akanipa chaki ya kupaka vigingi, vile vijiti vya kukazia nyuzi, ati visikwame wala kuteleza. Chaki! Kwani mimi ni mwalimu?

Jumamosi, 7 Desemba

Mazoezi tangu asubuhi. Wimbo mmoja ninaoujua unatosha. Rispah akapita, akachungulia. Ati nitapiga kwa kushoto mbele ya wakwe? Mama ya bwana harusi Dancan, yule Wahu, atarudi Kitale na hadithi gani? Mkwe hapewi hata maji kwa mkono huo! Nimeomba. Jibu limekuja: nitakaa nyuma ya maua ya madhabahuni. Wasikie, wasione.

Ijumaa, 13 Desemba

Vigingi vimekauka kwa hili jua, vinalia kri kri, havizunguki. Baba Emmy ati nimpigie Ngige simu. Ili Rispah asikie nimeshindwa? Chaki sijui niliitupa wapi. Nimepaka mafuta ya kujipaka. Laini kama siagi! Nimekaza nyuzi zote, nimeimba haleluya. Baada ya chakula zimelegea kidogo. Nimeongeza mafuta.

Jumamosi, 14 Desemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Emmy mlangoni na babake. Mimi nyuma ya maua. Nikapiga mara moja, tuuung! Uzi mnene ukalegea. Nikakaza huu, ule ukaachia. Kigingi kikachomoka, kikaviringika mpaka miguuni pa Wahu. Emmy akangoja. Mtoto wa watu akangoja! Nilimwona akitafuta uso wangu, na uso wangu uko kwa maua. Rispah akawasha kinanda. Emmy akaingia kwa kinanda cha Rispah, analia.

Wahu mwenyewe akainuka, akaniletea kigingi. Nikakipokea kwa mkono wa kushoto. Ee Bwana, nichukue!

Jioni Emmy akanikumbatia. Mama, si ungenishika tu mkono tuingie pamoja?

Jumatatu, 16 Desemba

Nimelia tangu juzi. Rispah amepita mara ngapi sijui, ati kunipa pole. Maneno ya Emmy yamenichoma. Mtoto alitaka nitembee naye, basi. Sasa nimeona nilipokosea: nilikaa! Ule udi ni mkubwa, mtu hawezi kutembea nao. Nimempigia Ngige. Ana mwingine mdogo, wa kuvaa begani kwa mkanda. Ni wa kulia, lakini nyuzi si zinageuzwa? Siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Emmy nitaingia nikitembea, kila mtu aone. Ngige ameniwekea chaki tena, maskini.

Ya nini? Mafuta yamebaki nusu kopo.