Lori la Mama Mkwe Juu ya Jeki

Jumatatu, 4 Machi

Lori la mama mkwe liko uani kwetu! Springi ya nyuma imekatika, nami nimemwambia asihangaike na gereji, nitaitengeneza mwenyewe. Nina sababu zangu. Dereva wake kaacha kazi, na mimi tangu nifukuzwe kazi kule bohari nashinda chali nikihesabu bati. Mke wangu ndiye aliyeniombea: lori likipona kabla ya Jumamosi, nipewe usukani. Mama mkwe kakubali shingo upande.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi magari na jirani yetu. Kaja bila kuitwa. Kasema lori si baiskeli. Liwe penye ardhi ngumu, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari, na jeki ikishainua, stendi za chuma ziwekwe chini ya chesisi kabla hata kidole hakijaingia uvunguni. Eti ataniazima stendi zake. Nimekataa katakata! Nikizichukua, kesho mtaa mzima utaambiwa kazi kaifanya yeye. Namjua huyo, mdomo wake hauna breki.

Jumanne, 5 Machi

Jeki imezama mchangani. Nimepampu asubuhi nzima, lori halikupanda hata unywele, jeki ndiyo iliyoshuka. Shemeji alikuwa anachungulia juu ya ukuta na kikombe cha chai. Akapuliza chai yake taratibu, akanywa. Afadhali angenitukana.

Nimepata wazo! Kando ya jikoni pana saruji, bapa, ngumu. Mke wangu kanikumbusha kwamba hicho ni kifuniko cha shimo la choo. Nikamjibu saruji ni saruji, na isitoshe ardhi ngumu ni agizo la kaka yake mwenyewe. Kaniangalia, kaingia ndani.

Jumatano, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nililirudisha lori nyuma mpaka kwenye kile kifuniko, nikapampu, likapanda vizuri. Nilijisifu kwa sauti ili shemeji asikie. Nikajaribu kuingia uvunguni, tumbo likagoma kupita. Basi nikamwomba mke wangu aingize kichwa, amulike kwa tochi, aniambie nati ipi ina kutu. Akasita. Nikamwambia asiwe mwoga. Akaingia.

Ukasikika mlio, krrr. Akajivuta haraka. Papo hapo kifuniko kikapasuka, jeki ikatumbukia chooni na lori likashuka kwa kishindo. Kitambaa chake cha kichwani kikabaki chini ya ekseli. Kitambaa tu! Kichwa ndiyo kwanza kilikuwa kimetoka.

Majirani walijaa, wameziba pua. Shemeji aliruka ukuta, akamkagua dada yake toka utosini mpaka miguuni. Mimi hakunitazama. Mke wangu hakulia wala hakufoka. Alikaa chini, nywele wazi. Nilitaka kumshika, akasogea pembeni. Masikio yananiwaka kwa aibu hata sasa. Ningemuua mke wangu kwa sababu sikutaka kuazima vyuma.

Alhamisi, 7 Machi

Hatuna choo. Tunakwenda kwa shemeji. Kila nikibisha hodi anauliza kwa sauti kama nimekuja na jeki.

Lori kalivuta yeye mpaka penye udongo mgumu. Kaweka kabari, kalaza ubao chini ya jeki yake, kaweka stendi, kalisukuma kwa bega kuona kama linayumba, ndipo akaingia. Springi ilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuopoa jeki kwa kamba na ndoo. Sitaeleza.

Nimemwomba mke wangu msamaha mbele ya kaka yake. Nimesema kosa lote ni langu. Kasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kaja. Kalizunguka lori, kalizunguka shimo. Kisha akamkabidhi ufunguo mke wangu, ambaye leseni ya malori anayo tangu kabla hatujaoana. Mimi nitakuwa utingo: kupakia, kupakua, kufunga turubai. Nimesema ahsante mama, macho chini.

Jumapili, 10 Machi

Tumelipeleka lori kwa mama mkwe, mke wangu akiendesha. Nyuma upande wa kulia linalia. Mke wangu kafuatana na kaka yake kutafuta kipuri, na kasema nisiguse chochote mpaka warudi.

Hivi kweli nikae tu? Siku nne hanisemeshi ila kwa ndiyo na hapana. Akirudi akute kazi imekwisha, moyo utalainika, namjua. Na hapa uani kwa mama mkwe pana saruji safi, chini yake hakuna choo, nimeuliza. Lori nimeshalipandisha. Stendi za nini? Ni kuchungulia mara moja tu.

Tumbo bado haliingii. Lakini mama mkwe ni mwembamba, na yuko jikoni hana kazi. Nakwenda kumwita, tochi hii hapa.