Unyayo wa Adamu Kijitoni Posey

Jumatatu, 3 Juni
Siku kubwa! Mwalimu wa darasa la Biblia la watu wazima anastaafu. Kura Jumapili, baada ya ibada. Kanisa zima linajua nani anafaa: mimi, Verlon Tackett, muuza matrekta, msomaji wa Biblia nzima mara nne (Walawi mara mbili tu, ila kwa makini).

Kikwazo ni Dada Wynelle Cobb. Alifundisha sayansi sekondari miaka thelathini na moja, na anasema dunia ina mabilioni ya miaka, Mungu hakuwa na haraka. Na bado anasali vizuri kuliko sisi sote! Inaudhi. Mimi nasimama na siku sita kamili na miaka elfu sita. Mzee Hershel Grubbs vilevile, ila yeye mkimya, hana makuu. Mchungaji akiulizwa anasema Mwanzo inatueleza nani aliyeumba, si lini, kisha anauliza kama kahawa ipo. Vuguvugu!

Jumatano, 5 Juni
Chakula cha jioni kanisani. Kambare wa kukaanga. Nikamtupia Wynelle swali mbele ya watu: dunia ilipoumbwa, yeye alikuwepo? Akajibu kwa upole, "La, Ndugu Verlon. Wewe je?" Meza nzima ikacheka. Hata mke wangu Maudie! Alijifanya amepaliwa na mkate wa mahindi.

Nikajipakulia kambare mwingine kwa heshima zangu. Wazo lilikuwa limeshaingia. Kijito cha Posey kinapita shambani kwangu, na kwenye mwamba wake kuna nyayo za dinosaria. Kando ya nyayo hizo pana kishimo. Mfuko mmoja wa saruji, mguu mmoja wa binadamu, na mtu na dinosaria wanatembea pamoja mbele ya macho ya Wynelle! Je, ni uongo? Hata kidogo. Walitembea pamoja. Mimi nawasaidia tu waonekane.

Alhamisi, 6 Juni
Kazi imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Rangi ya mwamba nimeipata kwa matope na kahawa. Saruji mbichi inaunguza ngozi. Imeandikwa kwenye mfuko, lakini mimi si mtu wa kusoma mifuko. Nachechemea. Nimemwambia Maudie ni baridi yabisi.

Unyayo umetoka safi, hadi kidole cha pili kilichompanda jirani yake mkubwa. Kazi ya fundi!

Jumamosi, 8 Juni
Mandari ya darasa. Nikawaongoza hadi kijitoni, nikashtuka kama mtu asiyejua kitu. Watu wakapiga picha. Wynelle akachutama, akakwaruza kwa ufunguo, akanitazama, akarudisha ufunguo mfukoni. Nikajua nimemmaliza!

Mzee Hershel akavua kofia, akapiga magoti. Nikadhani anamshukuru Mungu. Akapitisha kidole taratibu kwenye unyayo, akasema, "Verlon, mguu huu nimeuosha miaka ishirini na miwili."

Lo! Ibada ya kuoshana miguu! Kila Pasaka, wanaume na mabeseni yao. Nusu ya kanisa wanakijua kidole kile kuliko wanavyoijua sura yangu. Nilisahauje?

Mzee alikuwa na machozi. Alisema siku sita alizipokea mapajani mwa mama yake na atazikwa nazo, lakini sasa kila atakayesikia atadhani imani yake imesimama juu ya saruji. "Umenitia aibu kwa kitu nikipendacho, mwanangu." Wynelle akamshika mkono, wakapanda ukingo pamoja. Iliniuma. Kweli iliniuma. Na mguu pia.

Jumapili, 9 Juni
Nimepata kura moja. Maudie amekiri si yake.

Wamechaguliwa wote wawili, Hershel na Wynelle. Watafundisha kwa zamu, kila mmoja akimpinga mwenzake kwa adabu, kisha watafunga kipindi kwa sala. Hershel aliniombea kwa jina, kwa sauti. Mchungaji akasema hajapata kuona pande hizi mbili zikikaa benchi moja. Sasa nauliza: nani aliyezikalisha? Verlon Tackett! Shukrani? Hakuna.

Lakini mtu mkubwa hukiri kosa lake, nami nakiri langu. Nilivua viatu. Saruji imebaki nusu mfuko. Safari hii Adamu atavaa buti.