Ua wa Mikadi wa Bi Mehreen

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Naam, nilipiga hodi. Tena mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Hakuna aliyejibu, basi hakuna aliyekataa! Ndivyo nilivyomwambia Mudrik aliponiuliza miche ishirini ya mikadi nimeipata wapi. Mudrik anauza mabati. Roho inamuuma kwa sababu kazi ya ua wa Bi Mehreen nimepewa mie.

Kazi yenyewe hii. Bi Mehreen ana bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, mtaa wa Mpendae. Daktari kamwambia atembee ndani ya maji kila siku, la sivyo goti litakaza moja kwa moja na hatoachana na fimbo. Lakini ataingiaje majini, mwanamke wa heshima zake, na jirani Bwana Wakil kakaa roshanini na kahawa yake toka asubuhi mpaka magharibi? Bibi anataka stara. Kanipa mpaka Jumamosi. Nikishindwa, Mudrik analeta mabati.

Mikadi nimeing'oa shamba, upande wa Makunduchi, mlangoni mwa pango, pale nilipopiga hodi. Ndiyo, kulikuwa na vitambaa vyeupe na chetezo. Najua maana yake, pale pana mzimu. Lakini mie mtu wa mjini, Kikwajuni. Mizimu ya shamba hainijui hata kwa sura.

Kitambaa kimoja nimefungia mizigo. Madhubuti!

Jumanne, 9 Septemba

Nimepanda. Mkadi una mizizi iliyosimama juu ya ardhi kama miguu, na majani yake yana miba kama msumeno. Nani atapita hapo? Nimeuzungusha bwawa lote, hatua tano kutoka ukingoni, na mwanya mmoja upande wa jikoni.

Bwana Wakil kapiga kelele kutoka juu: "We Usi! Huo ua au mchicha?" Maana mikadi inanifika kiunoni. Nikamwambia asubiri. Kacheka mpaka kamwaga kahawa.

Saa saba mchana mtu kapiga hodi nje ya ua. Mara tatu, pole pole. Sauti ya mwanamke. Nikazunguka nyumba nzima. Hamna mtu. Bi Mehreen, mtu wa adabu, kaitika kutoka dirishani: "Karibu!"

Upepo ukasimama papo hapo. Joto tu hilo.

Jumatano, 10 Septemba

Mikadi imenipita kichwa! Mbolea sikutia. Nikamwambia bibi huo ni utaalamu.

Bwana Wakil kafunga madirisha yake mwenyewe. Nimemkuta dukani, hacheki. Anasema majani yote yamegeuka kumtazama yeye. Akihamia upande wa pili wa roshani, nayo yanahamia. Nikampongeza kwa kupata jirani wanaomjali.

Bi Mehreen kaingia majini kwa mara ya kwanza. Namsikia ndani anapiga maji kama mtoto. "Mwanangu Usi, Mungu akuzidishie!" Saa saba, hodi tena. Kaitika tena, karibu.

Nilipima asubuhi kwa miguu. Hatua nne. Nadhani ndara zangu mpya ni ndefu.

Ijumaa, 12 Septemba

Hatua mbili.

Hakuna mashimo nyuma. Pale nilipopanda pana nyasi tu, zimelala, kama watu walikaa hapo wakisubiri.

Mudrik kaja kunicheka na futi yake ya kupimia. Kapima, kapima tena. Halafu kanambia taratibu: "Usi, juzi kamba ya nguo ilikuwa ndani ya ua. Leo iko nje." Nikamwambia kamba ndiyo iliyosogea. Kakataa hata chai, kaondoka mbio na futi kaisahau. Futi nimechukua.

Nikamwomba Bi Mehreen aache kuitika hodi. Kanijia juu. "Mtu abishe hodi kwangu nimnyamazie? Sikulelewa hivyo mie!" Na kuvunja ua hataki kusikia. Goti linafunguka. Leo kapanda vidato viwili bila fimbo, kalia kwa furaha. Nami machozi yakanitoka. Kazi yangu hiyo.

Saa saba kaitika tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Imebaki hatua moja, na bibi kaingia majini hivyo hivyo, ubavu ubavu. Mie nimesimama jikoni. Saa saba. Hodi, hodi, hodi. "Karibu!"

Wallahi sikuona kitu kutembea. Nilipepesa jicho tu. Nilipofumbua, mwanya hamna. Majani yamekutana juu ya maji kama vidole vya mtu anayefumba kitu.

Nikaita. Bi Mehreen kajibu, lakini sauti imetokea nyuma ya shingo yangu. Kasema: "Usi, mbona humu kumejaa watu?"

Nikageuka. Nyuma yangu kasimama bibi mmoja na kikapu. Shikamoo! Hakuitikia. Akajitaja, Bi Mwanamkasi wa Makunduchi, mvyale wa lile pango, ndiye anayezungumza na mzimu kwa niaba ya watu. Kafuata harufu ya mikadi, anasema, toka stendi.

"Hodi tatu bila jibu, mtu hurudi kwao," kasema. "Wewe uliingia. Nao wamebisha hodi kwenu, mmewakaribisha. Wana kosa gani?"

Nikamuuliza nifanyeje. Omba radhi, kasema, na ahidi kurudisha kila ulichong'oa. Akafukiza udi. Nikapiga magoti, nikaomba radhi kuliko nilivyowahi kumuomba mama yangu.

Mwanya ukafunguka. Bi Mehreen katoka mbio. Mbio! Kapita jikoni, kapita ukumbini, kapanda ngazi zote mpaka juu. Fimbo imebaki ukingoni mwa bwawa.

Jumatatu, 15 Septemba

Jana tumerudisha mikadi kwa gari ya Mudrik. Bi Mehreen kajaa shukrani, goti zima, lakini uani hakanyagi tena. Kazi ya ua kampa Mudrik na mabati yake. Uonevu!

Bi Mwanamkasi kahesabu kumi na tisa. Kauliza wa ishirini. Nikamwambia umekufa. Kanitazama sana. Kasema ile haifi, kisha kaingia pangoni bila kuniaga.

Wa ishirini nimeubakisha kwa mbegu, mie si mjinga. Ua unaokua wenyewe na kusogea wenyewe, nani mwengine anao Unguja nzima? Upo hapa chumbani Kikwajuni, ndani ya ndoo. Asubuhi ndoo ilikuwa dirishani. Sasa iko mlangoni, na mkadi umefika dari. Saa saba kuna mtu kabisha hodi. Nikadhani mteja, nikaitika.

Mlango siuoni tena. Daftari hili nalitupa barabarani kupitia dirishani.

Basi wewe uliyeliokota, una bwawa? Una uwanja? Hata kibaraza? Tufanye biashara. Mkadi huu uchukue, sitaki hata senti. Wewe nitajie tu kwa sauti unakaa wapi, hapo hapo chini ya dirisha. Usihangaike na gari. Utakuja wenyewe, kwa miguu yake.