Mbuzi wa Pongezi Ameshaliwa

Kitengela.

Kwa Mkuu wa Udahili,
Shahada ya Uzamili ya Biashara.

Bwana Mkuu,

KUH: KUFUTWA KWA MTIHANI WA KUINGIA CHUO

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu uliyemkataa. Mimi ni Ezra Lesiamon, niko na bucha hapa Kitengela. Niliomba nafasi chuoni kwako, nikafanya ule mtihani wa kompyuta mnaowapa waombaji wote, na alama zangu zimefika. Sitazitaja. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani ni nambari ya chumba cha kufanyia mtihani.

Ninaomba kwa unyenyekevu mtihani huo ufutwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Swali la kwanza lilisema mkulima alikuwa na ng'ombe, akauza theluthi, wengine wakafa kwa ukame. Likaniuliza wamebaki wangapi. Bwana Mkuu, mimi ni Mmaasai. Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi, ni kuwatafutia balaa. Baba yangu husimama tu langoni mwa boma jioni, akajua ni yule mwenye baka jeupe ndiye hajarudi. Nami niliwaangalia ng'ombe wenu kwa makini, nikangoja nihisi ni nani amekosekana. Wapi! Nikachagua jibu la katikati, kwa adabu.

2. Pembeni mwa kioo kulikuwa na saa inayorudi nyuma. Jameni! Mtu mzima anaonyeshwa vile muda wake unaisha, halafu anatarajiwa afikiri.

3. Mke wangu, Mwongeli, alijisajili pia ili nisiogope peke yangu. Yeye ni Mkamba, hana mwiko wowote na ng'ombe wa watu. Alikaa kompyuta ya pili akibofya upesi upesi kama mtu anayechambua maharagwe, na hilo lilinivuruga kabisa. Alitoka mapema, maskini. Nadhani alikata tamaa. Matokeo yake yamechelewa, lakini nimeshaanza kumfariji.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilipotuma maombi tulifanya sherehe ya pongezi. Ndiyo, kabla ya mtihani. Mbuzi akachinjwa, mchungaji akashukuru, na mama mkwe akatoka Illasit na gunia la vitunguu, akanivisha shada la kumetameta shingoni. Tangu siku hiyo ananiita Profesa mbele za watu. Jumapili anakuja tena, kunisikia nikitoa ushuhuda kanisani. Mama mkwe hadanganywi, Bwana Mkuu, na mbuzi ameshaliwa. Nimeulizia, hakuna utaratibu wa kumrudisha. Naona aibu, nasema wazi. Hata nyama siku hizi naikata vibaya na wateja wananung'unika.

5. Kwa hivyo, mtihani ukishafutwa, watu wadahiliwe kwa ukubwa wa sherehe walizokwisha kufanya. Aliyechinja mbuzi apewe uzamili. Aliyechinja fahali apewe uzamifu moja kwa moja, bila kusumbuliwa na masomo. Wahadhiri wenu nao wachinje upya, tujue kama walistahili kuajiriwa. Bucha yangu iko tayari kusaidia taifa katika jambo hili.

Nisalimie wahadhiri wote, dada Shirleen wa mapokezi aliyenipa tishu, na mlinzi wa lango aliyenitakia heri kwa imani kubwa namna ile.

Ni mimi, ninayeiogopa Jumapili,
Ezra Lesiamon

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, matokeo ya Mwongeli yameingia. Amepita! Amepita vizuri hata mmempa nafasi. Tafadhali, mtihani msiuguse. Ni mtihani wa haki kabisa, na sisi tulioanguka tulianguka kihalali. Nimelia hapa juu ya mizani, mteja akadhani nimefiwa, nikamwongezea maini bure. Mama mkwe aje tu. Mbuzi alikuwa wa haki, ila tulimpongeza mtu asiyehusika. Lile shada nimelipangusa vumbi, na Jumapili nitamvisha Mwongeli mbele ya mama yake. Ushuhuda atatoa yeye. Mimi nitashika mkoba.