Neno Moja la Kampuni ya Dizeli

Jumatatu, 9 Februari 2026
Nimechaguliwa! Bwana Osward, mtu wa kampuni ya dizeli kutoka Dar, kaja mpaka kwangu Misunkumilo. Anasema mwisho wa mwaka mkutano wa dunia wa tabianchi unataka kuandika kwamba nchi ziache mafuta. Kampuni inataka iandikwe "zipunguze." Neno moja tu! Anatafuta mkulima wa kulisemea Ijumaa, kwenye kikao cha maoni mjini, Kashaulili, kitakachoteua mjumbe wa wakulima. Nikilisema vizuri, napanda ndege kwenda mkutanoni. Jioni nzima nimekaa uani nikitazama mawingu. Nilijiona juu yake, nikiyaona migongo.

Jumatano, 11 Februari
Kikwazo: shemeji Emelyne, dada wa mke wangu, mkulima wa Mishamo. Mvua imekata, mahindi yake yamekauka na mbelewele zake. Huyu atasema "ziache"! Nimempigia, nikamwambia kikao kimeahirishwa. Akanishukuru. Akauliza shamba langu linaendeleaje. Nikajibu linapendeza. Uongo. Langu lilikauka kabla ya lake.
Mchana nikasinzia. Niliota ukumbi mkubwa wenye baridi, wazungu wamevaa vidude masikioni, neno langu linaelea juu yao kama pamba.

Ijumaa, 13 Februari
Balaa! Emelyne mstari wa mbele! Alileta maharage sokoni, akasikia tangazo la kikao. Osward akanikonyeza. Nikashika maiki. Dirishani wingu zito, jeusi, linakuja polepole. Nikalitazama. Nikasahau nilipo. Mwenyekiti akauliza, "Mzee Didace, wewe hasa unataka nini?"
"Mvua," nikasema.
Makofi! Emelyne akafuta machozi, akasimama, akaeleza alivyopanda upya na bado akakosa. Akasema ziache. Wamemteua yeye kutuwakilisha. Osward kaondoka bila kuniaga. Wingu nalo limepita bila tone.

Jumapili, 15 Februari
Emelyne kaja na kuku kunishukuru. Anasema mimi ndiye niliyempa moyo. Aliuliza mbona nilisema kikao kimeahirishwa. Nikasingizia mtandao. Akacheka sana, nikaona haya kidogo.
Tukiwa mezani, simu. Mtu wa kampuni ya makaa ya mawe. Kasikia nilivyotikisa ukumbi, anatafuta mkulima wa kuyasemea. Akauliza kama nayafahamu. Nimemhakikishia nimeyapenda tangu utotoni.
Sijawahi kuyaona. Nadhani yanang'aa.