Lundo la Nyanya Mlilolipigia Makofi

Nyie mliopiga makofi Jumamosi hamna haya. Mmelipigia makofi lundo la nyanya zilizooza. Mmeimba, mmecheza, wewe Yudith umepiga vigelegele mpaka kilemba kikadondoka, na leo mnapita mlangoni kwangu mmeziba pua kwa kanga mnaniuliza, "Bibi, hivi yule mheshimiwa alisema mtambo unawashwa lini?" Masikio mlikuwa mmemwazima nani?

Pendo, mke wa fundi baiskeli, aliirekodi hotuba yote kwenye simu. Nimemkalisha hapa barazani kwangu, nimeisikiliza na kuiandika kwa mkono wangu, mimi niliyeishia darasa la nne, na kelele zenu nimeziweka humohumo kwenye mabano ili kila mtu ajione. Naibandika kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Asiyekuwepo ajue hivi. Bei ya nyanya iliposhuka na nyanya zikatuozea kwenye matenga, walikuja watu wa Mpango wa Familia ya Kijani wakatukataza kuwapa nguruwe, wakatukataza kuzimwaga shambani. Tulete zote, na samadi, na maganda ya ndizi, juu kule kwenye kiwanja cha mzee Sedekia, utajengwa mtambo, kila nyumba ya Ilula hapa kwetu itapikia gesi. Tukaleta. Lundo likawa kubwa kama kanisa la kigango. Na chini ya kiwanja kile, wote mnajua, ndipo ilipo chemchemi tunayokunywa. Jumamosi akaja mkubwa wao kutoka Mbeya, Bwana Andendekisye, kuzindua. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na kitu kikubwa cha mviringo kimefunikwa turubai la kijani, nanyi macho yote kwenye turubai. Akasimama, akasema:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni ambaye angekuwa rasmi kama angefika, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Kamati ya Mapambo na Kamati ya Chakula cha Meza Kuu, viongozi wetu wa dini, Walutheri, Wakatoliki na ndugu zetu Waislamu, Bwana Bipin, mfanyabiashara maarufu wa Iringa mjini na mdau mwenzetu mkubwa, madereva wa msafara, kina mama wauza nyanya wa barabarani, mabibi na mabwana, na wote ambao itifaki imewasahau lakini jua halijawasahau: kamwene! (Kamwene! mkaitikia. Mbwa wa Sedekia naye akabweka.)

"Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo imefanyiwa tathmini na wataalamu wetu na kuonekana kuwa ni furaha endelevu, kwa sababu leo tunahitimisha kwa mafanikio makubwa mradi huu ambao mimi mwenyewe, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kanda nzima ya Nyanda za Juu Kusini, niliubuni nikiwa semina pale Ilomba, Mbeya, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. (Makofi. Ya nini, sijui. Chai alikunywa yeye.)

"Mradi wetu una nguzo, na nguzo ya kwanza ni uelewa, maana utafiti wa awali, ambao sisi kitaalamu tunauita bezilaini, ulionyesha kwamba familia nyingi za hapa zinaishi katika mazingira bila kujua kwamba hayo ni mazingira. Mama anafagia uwanja, hajui kwamba anashughulika na taka ngumu. Baba anavuta kiko, hajui kwamba anazalisha hewa ukaa. Hali hii haivumiliki katika karne hii! (Haivumiliki! mkapiga kelele, na mzee Sedekia akaficha kiko.)

"Kwa hiyo naomba niwapitishe kwenye istilahi chache ili kila familia iondoke hapa ikiwa ya kijani kwa maneno na hatimaye, rasilimali zikiruhusu, kwa vitendo. Tuanze na nyayo za kaboni. Kila familia duniani inaacha nyayo za kaboni, yaani ule moshi na ile hewa chafu inayotokana na kupika kwake, kusafiri kwake na kununua kwake, na wajibu wetu ni kuzipunguza. Mimi nawapa mfano hai: leo tumekuja kwa magari manne, lakini kwa kujali tabianchi tulifunga vioo vyote, tukawasha kiyoyozi, kwa hiyo hata hewa kidogo ya magari yetu haikugusa hewa yenu. (Makofi marefu. Tumpe wa mgahawa akauliza, 'Na moshi wa nyuma ulikwenda wapi, baba?' Mkamnyamazisha Tumpe.)

"Swali zuri sana, mama, limepokelewa na litajibiwa katika ripoti. Istilahi ya pili ni taka zisizooza. Tazameni chini ya meza kuu. Mnaona chupa za plastiki? Wapo watakaosema viongozi wametupa chupa ovyo. Hapana! Hizo ni zana za kufundishia, tumezitoa Mbeya makusudi, na tutaziacha hapa ili elimu iendelee hata baada ya sisi kuondoka. (Makofi. Bado zipo. Elimu inaendelea.) Istilahi ya tatu, bayoanuai, maana yake ni wingi na utofauti wa viumbe hai, mimea na wanyama, na ndiyo maana Kamati ya Mapambo imekata mianzi, migomba na matawi ya kila aina kupamba jukwaa hili, ili mwananchi wa kawaida aione bayoanuai yote mahali pamoja bila kusumbuka kwenda porini. (Vigelegele. Yudith, hiyo migomba ilikuwa ya dada yako.)

"Sasa nakuja kwenye neno lenyewe, neno lililotukutanisha hapa: biogesi. (Mkasimama wote. Mkaangalia turubai.) Ndugu zangu, biogesi ni gesi itokanayo na vitu vinavyooza, kama samadi na nyanya, vikiwekwa kwenye mtambo usiopitisha hewa. Ni nishati safi. Mama hatoki machozi jikoni, msitu unapona, mtoto hakohoi. Ni neno zuri mno. Naomba tulitamke pamoja. Bi-o-ge-si! (Biogesi! Mlisikika mpaka barabara kuu. Madereva wa malori wakapiga honi.)"

Hapo ndipo mimi niliposimama. Nikasema, "Mheshimiwa, lundo liko juu ya maji ya kunywa na mvua inakuja. Linaondoka lini?" Akasema:

"Bibi yetu mpendwa, shikamoo sana. Suala la lundo ni suala mtambuka. (Makofi. Mlipiga makofi kwa neno mtambuka. Nani kati yenu anaweza kulinywa?) Lundo tusilione kama lundo, tulione kama malighafi iliyo katika kipindi cha mpito, ambayo stekiholda wote, yaani wadau, watakaa na kuiundia framewoku. Bibi akae tu, akae polepole, umri nao ni mazingira. (Mkacheka. Mlinicheka mimi, na ndoo zenu zinachota palepale.)

"Naomba niendelee na takwimu, kwa sababu sisi si watu wa porojo. Tulipoanza, ni asilimia nne tu ya familia za hapa zilizoweza kutamka neno biogesi. Leo ni asilimia tisini na saba! Na hao asilimia tatu waliobaki, wataalamu wamethibitisha kwamba tatizo lao si uelewa, ni meno. Kule Ruaha Mbuyuni tulizindua mradi huuhuu kwa kutumia vitunguu, na nawaambieni, watu walilia kwa furaha, walilia mpaka sisi wenyewe tukalia, tukaondoka tunalia. (Makofi. Tumpe akasema, 'Hata mimi nitalia, maji yananuka.' Mkamvuta kanga akae.)

"Mama huyo anayesema maji yananuka namwelewa, na namwomba atumie lugha ya kitaalamu: maji hayanuki, maji yamepata changamoto ya kimazingira. Mtu akishajua jina la tatizo lake, nusu ya tatizo imekwisha, na nusu hii ndiyo sisi tuliyoitekeleza, tena kabla ya muda! Wapo wabezaji wanaosema Andendekisye anakuja, anaongea, anaondoka. Nawauliza: je, sikuja? Je, siongei? Na hivi karibuni mtaona kama siondoki! (Makofi mpaka vumbi likatimka.)

"Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa, navuta turubai! (Akavuta. Likatokea tanki jeusi la plastiki, jipya, kubwa. Yudith akapiga vigelegele vile. Kwaya ikaimba. Picha zikapigwa, yeye mbele ya tanki, yeye kando ya tanki, yeye kaweka mkono juu ya tanki kama amelizaa.)

"Ndugu wananchi, kaulimbiu yetu: Familia ya kijani! (Neno kwanza!) Neno kwanza! (Familia ya kijani!) Nyanya hoyee! (Hoyee!) Uelewa hoyee! (Hoyee!) Mtambo… naona muda umetutupa mkono.

"Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mzee Sedekia kwa kutuazima kiwanja, ambacho kuanzia saa kumi jioni ya leo tunamkabidhi pamoja na vyote vilivyomo. Namshukuru kwa namna ya pekee Bwana Bipin kwa kutuazima tanki hili zuri la maji kutoka dukani kwake kwa ajili ya picha, na namwomba radhi kwa kulichelewesha, lori lake linasubiri pale na mteja wake wa Makambako analitaka leo. Nawashukuru kina mama kwa kuleta nyanya kwa moyo, ingawa katika andiko la mradi nyanya hazikutajwa. Na nawashukuru ninyi nyote kwa kuusubiri mtambo kwa utulivu mkubwa, utulivu ambao haujapata kuonekana, kwa sababu mtambo haukuwahi kuwemo katika mradi. Uliwekwa kwenye ukurasa wa istilahi, kama mfano, ili kuwasaidia kuelewa neno. Na mmeelewa! Ndaga fijo, kama tunavyoshukuru kwetu Mbeya! Kamwene! Asanteni kwa kunisikiliza!"

(Makofi. Makofi, makofi, makofi. Betri ya simu ya Pendo ilikata mkiwa bado mnapiga.)

Haya. Mmesikia sasa bila kwaya? Aliwaambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hakuna kitu, nanyi mkamsindikiza mpaka kwenye gari. Wanaume sita wa hapahapa, nawajua kwa majina, walimsaidia dereva wa Bwana Bipin kulipandisha tanki kwenye lori, huku wanaimba. Lori likaenda Makambako. Lundo halikwenda popote.

Jana nimepanda kwenda kuliangalia. Mchuzi wake mwekundu umeshateremka mpaka kwenye yale mawe ya juu ya chemchemi, nzi wameufuata. Wingu limeanza kukaa upande wa Udzungwa. Mvua moja tu ya kweli, tutakunywa nyanya zetu, samadi yetu na makofi yetu, na watoto wa kwanza kuharisha watakuwa wa nyumba za chini, kwako Tumpe, na kwako Pendo. Msinitume tena kwa mtu wa Mbeya wala wa Iringa. Nimemaliza kusimama na kuambiwa nikae.

Kesho alfajiri, kabla ya mtu yeyote kwenda barabarani na matenga, wote juu kwa Sedekia. Jembe, koleo, ndoo, toroli kwa mwenye toroli. Wale sita waliobeba tanki wachimbe mfereji wa kuukingia mchuzi, ndiyo kazi ya kwanza. Wengine kila mtu abebe alicholeta, akakifukie shambani kwake mbali na maji, na anayejua nguruwe wake bado anakula ampelekee zilizo nzima kidogo. Atakayelala, nitakwenda kumgongea dirisha mimi mwenyewe.

Yudith, wewe unaanza. Funga kilemba vizuri, chukua koleo.